Kununua chumba cha hoteli kwa mnada wa mtandaoni kabla na baada ya safari ya meli: je, ni busara?

Tumaini aliuliza:

Habari zenu, ndugu wadau. Mimi, mume wangu na mama yangu tumelipia safari ya siku saba kwa meli ya kitalii itakayong'oa nanga bandari ya Port Everglades, Fort Lauderdale, Florida, Jumapili ya kwanza ya Novemba saa kumi alasiri, na kuturudisha gati hilo hilo Jumapili inayofuata asubuhi. Ndege yetu inatua Miami Jumamosi jioni, kwa hiyo tunahitaji mahali pa kulala usiku wa kuamkia safari. Ndege ya kurudi ni Jumatatu, hivyo tutahitaji pia usiku mmoja baada ya kushuka melini.

Bei za hoteli zilizo karibu na gati zimenishtua. Kwa usiku ule wa Jumamosi zinakaribia maradufu ya zile za Jumapili ya kurudi, na sielewi kwa nini. Mfanyakazi mwenzangu amenishauri niachane na bei za kawaida, niingie kwenye zile tovuti ambazo mteja hutaja mwenyewe bei anayoimudu, akachagua eneo na idadi ya nyota, kisha tovuti ikamtafutia hoteli itakayokubali dau lake, ila jina la hoteli asilijue mpaka kadi yake iwe imekwisha kukatwa fedha. Anasema aliwahi kulala katika hoteli ya nyota nne kwa nusu ya bei.

Siogopi kujaribu, lakini meli haimsubiri mtu, na mama yangu anasumbuliwa na magoti. Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, mnada wa namna hii unafaa kwa usiku wa kuamkia safari? Kati ya siku hizo mbili, ni ipi ninayoweza kuiachia bahati? Na ni mitego gani ambayo mtu mgeni wa mambo haya haioni?

Nanga alijibu:

Dada Tumaini, nimekuwa nikinunua vyumba kwa njia hii tangu enzi ambazo mnada wenyewe ulikuwa umepamba moto. Jibu langu ni kwamba unafaa, kwa sharti moja nitakalolieleza hapa chini.

Kwanza nirekebishe jambo moja, kwa sababu alichokusimulia mwenzako ni habari ya miaka iliyopita. Priceline ndiyo iliyoupa umaarufu mtindo wa mteja kujitajia bei, kuanzia mwaka 1998, na ilianza na tiketi za ndege kabla ya kuingia kwenye hoteli. Kwa upande wa ndege mtindo huo ulisitishwa mwaka 2016, na kwa upande wa hoteli nao umefifia na kuupisha mtindo wa pili, ambao ndio utakaokutana nao mara nyingi zaidi leo: tovuti inakutajia bei, eneo, nyota na baadhi ya huduma, lakini inalificha jina. Priceline huuita Express Deals, na Hotwire, iliyoanza kazi mwaka 2000, huuita Hot Rate. Hapo huna dau la kupandisha, unakubali au unaacha. Hatari zake, hata hivyo, ni zile zile za mnada wa zamani: ukishabonyeza, fedha hairudishwi, tarehe haibadilishwi, na aliyeandikishwa ndiye lazima afike mapokezi na kitambulisho chake.

Ni vyema uelewe kwa nini hoteli inakubali kuuza hivyo, kwa maana ukielewa hilo utajua wakati gani wa kutarajia bei nzuri. Chumba kilicholala tupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Meneja angependa kukipunguza bei kuliko kukosa vyote, lakini akiitangaza bei hiyo hadharani, wateja wake wa kawaida na makampuni yenye mikataba naye watadai wapewe hiyo hiyo. Kwa hiyo anakiuza kwa siri, kupitia tovuti inayolificha jina lake. Maana yake ni kwamba bei iliyofichwa hushuka sana pale tu ambapo vyumba vimebaki vingi. Hoteli za katikati ya jiji zinazotegemea wafanyabiashara hubaki tupu mwisho wa wiki, na kwa bahati meli nyingi huondoka siku hizo hizo, ndiyo maana wasafiri wa meli wameupenda mtindo huu kwa muda mrefu. Maeneo ya ufukweni ni kinyume chake, kwani Ijumaa na Jumamosi ndipo yanapojaa.

Hapa ndipo linapoingia swali lako la bei ya Jumamosi. Fort Lauderdale huwa na maonyesho makubwa ya boti ya kimataifa ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Wenye boti, wauzaji na mabaharia wao wote wanahitaji vitanda. Ukilinganisha tarehe utaona kwamba usiku wako wa kuamkia safari umo ndani ya maonyesho hayo, na Jumapili ya kurudi imo nje. Usitarajie tovuti yoyote ikufanyie muujiza karibu na gati usiku ule, kwa kuwa hakuna hoteli itakayouza kwa siri chumba ambacho mtu amekwisha kupiga simu kukitafuta.

Sasa sharti lenyewe. Kabla ya kugusa mnada wowote, weka nafasi ya kawaida katika hoteli unayoijua jina, yenye ruhusa ya kufuta bila kulipa mpaka siku moja au mbili kabla ya kufika. Iandike tarehe ya mwisho ya kufuta mahali utakapoiona kila siku. Ukishaishika nafasi hiyo, unaingia mnadani ukiwa na pa kulala, na ukiona bei iliyofichwa ambayo ni ya chini kwa kiasi cha kukuridhisha, unanunua, unasubiri uthibitisho ufike, ndipo unafuta ile ya kwanza. Nimeona watu wakifanya kinyume, wakisubiri bei ishuke hadi wiki ya safari, na mwishowe wakalipa zaidi ya bei waliyoikataa mwanzoni.

Nikuonyeshe kidogo jinsi mchezo ulivyokuwa, maana hekima yake bado inatumika. Nilikuwa nikienda Alaska kutoka Vancouver, ambako meli hufunga Canada Place, katikati kabisa ya jiji, na nilitaka nyota nne katika eneo hilo tu. Hoteli za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa dola 180. Nilianza na dau la dola 70, likakataliwa. Kanuni ilikuwa kwamba huwezi kurudia ombi lile lile siku hiyo mpaka ubadilishe kitu, ama nyota ama eneo. Basi nikaongeza eneo la pili ambalo nilikwisha kuhakikisha halina hoteli hata moja ya nyota nne, nikapanda hadi dola 80. Mfumo ulilihesabu kuwa ombi jipya, lakini haukuwa na mahali pengine pa kunipeleka isipokuwa pale nilipotaka. Likakataliwa tena, nikaongeza eneo la tatu la aina hiyo na kutaja dola 92, ndipo likakubaliwa. Asubuhi yake nilivuta sanduku langu kwa miguu hadi gatini. Kilichonisaidia ni kuijua ramani ya maeneo kuliko hata kujua bei, na hilo halijabadilika: eneo ndilo kitu pekee unachokichagua kwa hakika, kwa hiyo lichague kana kwamba utapewa hoteli iliyo mbali kuliko zote ndani ya mpaka wake.

Mama Wawili alijibu:

Nakubaliana na Ndugu Nanga kuhusu nafasi ya akiba, ila naona amelipita jambo ambalo kwako ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba mko watatu.

Chumba kinachouzwa bila jina kwa kawaida huhakikishiwa watu wazima wawili tu, na aina ya kitanda haihakikishwi kabisa. Unaweza kupewa vitanda viwili, unaweza kupewa kimoja kikubwa, na anayeamua ni mtu wa mapokezi jioni hiyo kulingana na vilivyobaki. Yalinikuta mimi na wanangu wawili usiku wa kuamkia safari yetu ya kwanza. Tulifika saa tano usiku, tukapewa chumba chenye kitanda kimoja, na tulipoomba kitanda cha kukunja tukaambiwa vimekwisha. Mtu wa mapokezi alikuwa mpole kabisa na hakukosea kitu. Masharti niliyoyakubali yalisema hivyo hivyo. Nililala kitini. Kesho yake nilipanda meli shingo ikiwa imekaza, na siku mbili za kwanza za likizo niliyoiwekea akiba mwaka mzima zilikwenda hivyo. Sitaki hata kidogo mama yako mwenye magoti mabovu ayaone hayo.

Njia zenu ni mbili. Ama mnunue vyumba viwili, na hapo mpige hesabu upya kwa sababu bei ya vyumba viwili, hata baada ya punguzo, yaweza kuzidi bei ya chumba kimoja cha kawaida chenye vitanda viwili, ama mwachane na hoteli iliyofichwa kwa usiku ambao mama anahitaji uhakika wa kitanda, bafu lenye vishikio au chumba cha ghorofa ya chini. Ombi la namna hiyo lina nguvu ukilitoa kwa hoteli unayoijua jina. Kwa hoteli iliyofichwa unalitoa baada ya kulipa, na wao wana haki ya kusema haiwezekani.

Jambo la pili ni ada. Hoteli nyingi za Florida, hasa za ufukweni, hutoza ada ya lazima ya kila siku kwa ajili ya bwawa, viti vya ufukweni na huduma nyinginezo, utumie usitumie. Zamani ada hiyo ilijitokeza mwishoni kabisa mwa malipo au hata mapokezini. Tangu tarehe 12 Mei 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inazitaka tovuti na hoteli zionyeshe bei nzima pamoja na ada zote za lazima tangu mwanzo, na hilo limetupunguzia machungu mengi. Lakini ada zisizo za lazima hazimo. Maegesho ya gari hayamo. Usafiri wa kwenda gatini mara nyingi haumo, kwani hoteli kadhaa za Fort Lauderdale hukupeleka kwa basi lao dogo kwa malipo ya kila kichwa, na kwa watu watatu teksi inaweza kuwa nafuu zaidi.

Bahari Kuu alijibu:

Wenzangu wamezungumzia zaidi usiku wa kwanza. Mimi nizungumzie usiku wa kurudi, kwa sababu watu hudhani kwamba huo ndio usio na hatari: umekwisha kusafiri, hakuna meli ya kukuacha, basi nunua chochote. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na mimi pia nakushauri huo ndio uutafutie bei iliyofichwa. Yapo mambo mawili, hata hivyo.

La kwanza ni kwamba msimu rasmi wa vimbunga katika Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Mwanzoni mwa Novemba dhoruba huwa zimepungua, lakini hazijaisha. Nahodha akiona njia ya kurudi ina kimbunga atakaa baharini siku ya ziada, au ataingiza meli bandari nyingine, na hakuna atakayemlaumu. Kampuni ya meli itakulisha na kukulaza siku hiyo, lakini chumba ulichonunua bila ruhusa ya kufuta kitakuwa kimekwenda na fedha yake. Kama mmekata bima ya safari, someni sehemu inayohusu kuchelewa, mwone kama inafidia malazi yaliyolipiwa kabla.

La pili ni saa. Meli hufunga gati alfajiri, na abiria huanza kushuka mnamo saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi. Hoteli nyingi hazitoi funguo mpaka saa tisa alasiri. Aliyenunua kwa bei iliyofichwa si wa kwanza katika foleni ya wanaopewa chumba mapema, kwani hapo hutangulia wanachama wa hoteli na waliolipa bei kamili, na kwa kawaida chumba cha namna yako hakihesabiwi hata kwenye alama za uanachama. Karibu hoteli zote zitakutunzia mizigo ukiomba kwa adabu. Mama, hata hivyo, atahitaji mahali pa kukaa kwa saa tano au sita, kwa hiyo chagueni eneo ambalo mtu anaweza kukaa kivulini bila kupanda teksi kila dakika.

Sasa kuhusu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia hilo lina matundu, na mtu mwenye subira anaweza kuchungulia. Tovuti inakuonyesha wastani wa alama walizotoa wageni, idadi ya nyota, eneo na orodha ya huduma: bwawa, chumba cha mazoezi, kifungua kinywa, basi la uwanja wa ndege. Fungua ukurasa wa pili wenye hoteli za kawaida katika eneo lile lile, zenye nyota zile zile na tarehe zile zile, kisha ondoa moja moja isiyolingana. Hoteli yenye basi la bure la uwanja wa ndege, isiyo na bwawa, yenye alama 8.3, ndani ya eneo dogo, mara nyingi hubaki peke yake au na mwenzake mmoja. Pia kuna kumbi za mtandaoni ambamo wanunuzi huandika hoteli waliyopewa na tarehe waliyoinunua, na orodha hizo husaidia kuthibitisha. Mimi sinunui mpaka zibaki hoteli mbili au tatu, na ziwe zote ninazoweza kulala bila kununa. Kama mojawapo nisingependa kuingia, naiacha bei hiyo hata iwe nzuri vipi.

Mwisho, angalieni kadi mtakayoitoa mapokezini. Hata kama chumba kimelipiwa, hoteli huzuia kiasi fulani cha fedha kwa ajili ya matumizi ya ziada, na kwa kadi ya benki ya kawaida fedha hiyo inaweza kukwama kwa siku kadhaa, yaani katika wiki ile ile mnayoihitaji melini.

Tumaini aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati, na Mama Wawili pole sana kwa yaliyokukuta. Nilikuwa sijafikiria habari ya kitanda kabisa.

Nimefanya mlivyosema. Nimeshika nafasi ya kawaida kwa usiku wote miwili, yenye vitanda viwili na ruhusa ya kufuta. Ila nimeona kwamba kwa Jumamosi ile, bei zilizofichwa za eneo la uwanja wa ndege wa Miami ziko chini sana kuliko za Fort Lauderdale, na ndege yetu inatua huko huko saa mbili usiku. Je, ni uzembe kulala Miami ilhali meli iko Port Everglades?

Nanga alijibu:

Si uzembe hata kidogo, dada, na hasa kwa kuwa mnatua usiku. Kutoka uwanja wa ndege wa Miami hadi Port Everglades ni kama kilomita 45, na njia hiyo mtaipita Jumapili asubuhi mkiwa mmelala vizuri, badala ya kuipita Jumamosi usiku mkiwa mmechoka. Watu wengi hulichanganya jambo hili kwa sababu uwanja wa ndege wa Fort Lauderdale umekaribiana mno na gati, kilomita chache tu, wakadhani kila uwanja wa ndege una bandari yake. Afadhali wewe umeangalia ramani. Wapo wanaonunua hoteli Orlando kwa meli ya Port Canaveral, wakagundua baadaye kwamba kuna zaidi ya kilomita 70 katikati, na wapo wanaolala Roma wakidhani bandari ya Civitavecchia ni kitongoji chake, kumbe ni mwendo wa treni wa saa nzima.

Hesabu iwe hivi: chukua bei iliyofichwa ya Miami, zidisha kwa mbili kwa sababu ya vyumba viwili, ongeza teksi ya watu watatu na mizigo hadi Port Everglades, kisha linganisha na ile nafasi uliyoishika pamoja na nauli yake, maana Fort Lauderdale nako mngetoka Miami usiku kwa teksi hiyo hiyo. Tofauti ikiwa ndogo, bakia na uhakika wa vitanda viwili. Ikiwa kubwa, nenda Miami. Mpange tu kuwa gatini kabla ya saa saba mchana. Kampuni za meli hufunga uandikishaji kati ya dakika 60 na 90 kabla ya kung'oa nanga, na nyingi hukupangia saa yako ya kufika. Kwa meli ya saa kumi, mtu anayefika saa nane na nusu anacheza na mlango unaofungwa.

Tumaini aliandika tena:

Nimepiga hesabu hiyo mara mbili na mume wangu ameirudia peke yake. Kwa Jumamosi, vyumba viwili vya Miami pamoja na teksi vilitofautiana na nafasi yetu ya kawaida kwa dola 31 tu, kwa hiyo tumeiacha Miami na kubaki na vitanda viwili tunavyovijua. Nimepiga simu hotelini na wameandika kwamba mama apewe chumba cha karibu na lifti.

Kwa Jumapili ya kurudi nimefanya kama Bahari Kuu alivyoelekeza. Niliondoa moja moja zikabaki hoteli mbili, zote katika eneo la uwanja wa ndege wa Fort Lauderdale, zote zenye bwawa na ukumbi mpana wa kukaa. Nimenunua vyumba viwili kwa bei ambayo kwa pamoja ni chini ya kile kimoja nilichokuwa nimekishika, na jina lilipofunguka lilikuwa mojawapo ya zile mbili. Uthibitisho umefika, na ile nafasi ya kwanza ya Jumapili nimeifuta leo asubuhi, siku kumi na mbili kabla ya muda wake kwisha. Bima yetu nimeisoma pia: inafidia malazi iwapo meli itachelewa kwa zaidi ya saa 12.